Mguu wa Sajini

Hapo zamani, si zamani sana maana umeme ulikwishafika, palikuwa na mama mmoja, Bi Kidawa, na beberu wake Sajini. Sajini akashtakiwa kwamba amekula daftari la baraza la kijiji. Hukumu: achinjwe Ijumaa, aliwe na wajumbe. Wajumbe walikwishanunua ndimu.

Bi Kidawa alilia mpaka macho yakavimba. Hana mume, hana mtoto, ana Sajini. Na ushahidi upo: siku daftari lilipoliwa Sajini alishinda harusini, na video ya harusi, iliyomo kwenye kamera ya mpiga picha, inamwonyesha akila keki; ila baraza lataka kuiona kwenye televisheni yake. Basi uchungu ukamtamkisha mbele za watu, "Atakayemwokoa Sajini nampa mguu wake wa nyuma."

Akaja Shekue, mpwa wake, na flashi yake. Akaiformati kwenye kompyuta ya Linux, akachagua FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili. "Shangazi, hii husomwa na televisheni yoyote, hata ile kuukuu ya baraza." Lakini video ilikuwa faili moja la jigi sita, na FAT32 haipokei faili linalozidi jigi nne. Ikagoma.

Akaja Mbelwa, jirani, na flashi yake. Akaiformati kwenye Linux, akachagua ext4, mpangilio wa Linux yenyewe. "Mama, hii hubeba faili lolote." Kweli ikabeba yote. Mpiga picha naye akaifuta video kwenye kamera, akaenda zake harusi nyingine. Flashi ikachomekwa barazani, televisheni haijui ext4, ikasema haioni kitu. Wajumbe wakaanza kunoa visu.

Akaja Tunu, fundi cherehani, mikono mitupu. Hakuformati chochote. Aliomba kompyuta na flashi ya Mbelwa, akaikata ile video vipande viwili vya jigi tatu tatu, akavitia kwenye flashi ya Shekue. Televisheni ikasoma. Keki ikaonekana, Sajini akaonekana, wajumbe wakagawana ndimu wakaenda makwao.

"Bila flashi yangu televisheni isingeona," akasema Shekue.

"Bila yangu pasingekuwa na video ya kuona," akasema Mbelwa.

"Mlikuwa na flashi mbili na mbuzi anakufa," akasema Tunu. "Mguu ni wangu."

Bi Kidawa akamtazama Sajini, roho ikamuuma. Ahadi aliitoa mwenyewe, na waliosikia ni wengi.

Haya, mliokaa hapo, msinitumbulie macho. Je, nani alistahili mguu ule: Shekue, Mbelwa, Tunu, au Sajini, ambaye bado alikuwa amesimama juu yake?