Shemeji wa Mwamba wa Tatu

Siku pengo lilipoanza, ubao wa hifadhi ya bahari ulibaki na mstari mmoja mtupu. Ubao huo ulitundikwa kando ya dirisha la tiketi, na kila asubuhi waongoza wageni waliotoka kukagua maji waliandika walichokiona, ili watalii wajue cha kutarajia: kasa wawili, samaki taa mmoja, pweza mmoja mwenye hasira. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mzee wao, naye kwa miaka kumi na mmoja aliandika maneno yale yale: "Shemeji yupo." Jumanne hiyo mzee alitoka majini akaketi kwenye benchi avute pumzi, miwani ya kuzamia ikiwa bado kwenye paji la uso. Hakuinuka tena. Moyo ulisimama kama saa iliyosahauliwa kutiwa ufunguo.

Muuza tiketi, binti yake wa pekee, alikuwa dirishani hatua kumi kutoka pale, amempa kisogo, akimtafutia mgeni koti la kuelea linalomtosha.

Baada ya mazishi alirudi kazini, lakini ni mwili tu uliorudi. Aliwapa watu wenye ndevu tiketi za watoto. Alichemsha maji ya chai akayanywa bila majani, asitambue. Nyumbani hali haikuwa tofauti. Mama yake aliendelea kuanika taulo la marehemu juani kila asubuhi, ingawa lilikuwa kavu kama karatasi, na jioni wote wawili walishangaa kuona vikombe vitatu mezani.

Siku ya nane, mhifadhi mkuu alisimama dirishani, kalamu mfukoni mwa shati.

"Jumatatu tunashusha jiwe la zege pale Mwamba wa Tatu," alisema. "Mashua zimekuwa nyingi, boya jipya litafungwa hapo."

"Lakini baba alikataa. Alisema pale pana Shemeji."

"Binti yangu, mzee nilimheshimu. Ila Shemeji ndiye nani? Ni samaki? Ni kasa? Waongozaji wote hawamjui. Nionyeshe kabla ya Jumatatu, nami nitalipeleka jiwe kwingine. Siwezi kuandika kwenye ripoti makao ya mtu asiyejulikana."

Muuza tiketi aligeuka kuutazama ubao. Miaka yote hiyo ule mstari ulikuwa mbele ya pua yake, na hata siku moja hakuuliza. Sasa angeuliza nani? Ikiwa jiwe lingeshuka, basi kile ambacho baba yake alikiamkia kila asubuhi kingefukiwa, naye asingejua kamwe kilikuwa nini.

Akaanza kuuliza. Kijiko, mwongozaji aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na kichwa chake kikubwa, alijikuna kidevu. "Ni mkunga, yule samaki kama nyoka. Au alikuwa mkunga mwaka juzi." Nahodha wa mashua yenye sakafu ya kioo aliapa kwamba ni kasa mwenye gamba lililopasuka. Mama anayeosha vifaa alicheka. "Mimi nilidhani ni utani wake tu. Kwani kasa akiwa shemeji, mzee amemwoa dada yake yupi?" Nyumbani, mama mzazi alikunja uso. "Shemeji yake alikuwa mmoja tu, kaka yangu, na tulimzika zamani. Usinichanganye, mwanangu, nimechanganyikiwa vya kutosha."

Alhamisi alipanda mashua ya kioo. Chini yake Mwamba wa Tatu ulionekana kama kitanda kipana cha matumbawe, na juu yake walicheza samaki wadogo wa buluu. Hakuna zaidi. Kijiko alielea juu yake mara tatu akarudi akitikisa kichwa. "Hakuna hata kaa wa kusingiziwa."

Hapo ndipo kosa lao wote lilipojificha. Sheria ya kwanza ya hifadhi ile ilikuwa, "Elea, usizame, tazama, usikanyage." Waongozaji waliifundisha kwa wageni mpaka ikawaingia mifupani. Kila mmoja alilala kifudifudi juu ya maji akatazama migongo ya miamba, na hakuna aliyewahi kujiuliza miamba ina matumbo gani.

Ijumaa, muuza tiketi alifungua gunia la vifaa vya marehemu. Alitoa mapezi ya mpira na mrija wa kupumulia, kisha suruali nyeusi ya kuogelea. Magotini palikuwa na kiraka juu ya kiraka, na katikati ya viraka punje za mchanga.

"Mama, mtu anayeelea huchakaza magoti kwa nini?"

"Hata mimi nilimuuliza, maana mshonaji wa viraka ni mimi. Akaniambia kuna mtu haingiwi kwake ila kwa magoti. Nikadhani ni maneno yake ya kuchokoza."

Muuza tiketi aliitandaza suruali mapajani, akakumbuka alichokiona kutoka kwenye mashua. Upande wa nje wa Mwamba wa Tatu palikuwa na uwanja wa mchanga mtupu. Mtu angeweza kupiga magoti pale bila kuvunja tumbawe hata moja.

Lakini tatizo lilikuwa lake mwenyewe. Akiwa na miaka saba alimeza maji ya bahari hadi akapoteza fahamu, na tangu hapo hakuwahi kutia uso majini. Hata kunawa alinawa kwa ncha za vidole, kama paka. Baba yake hakumlazimisha. Alisema tu, "Siku utakayotaka kuona, utaniambia." Siku hiyo ilikuwa imefika, na wa kuambiwa hayupo.

Jumamosi asubuhi, maji yalipokupwa, Kijiko alimshika mkono hadi kwenye mchanga ule. Maji yaliwafika kiunoni.

"Ng'ata mrija kama unavyong'ata ulimi mbele ya bosi," alimwambia. "Pumua kwa mdomo. Pua jifanye umeisahau nyumbani."

Mara ya kwanza aliibuka akikohoa na kulia. Mara ya pili aliibuka akimtukana Kijiko, naye Kijiko akasema, "Haya sasa, umeanza kufanana na mzee." Mara ya tatu alipiga magoti, akainama, akaisikia pumzi yake mwenyewe ikienda na kurudi. Akachungulia chini ya mwamba.

Alichokiona kwanza ni mdomo. Mdomo mnene, wa juu umebinuka, wenye kovu la ndoana, kama wa mtu aliyenuna tangu asubuhi. Nyuma yake likafuata jicho, kisha mwili mkubwa kama gunia la mkaa. Alikuwa samaki chewa mzee, amejaa mvunguni mwa jiwe kama mwenye nyumba, akimtazama bila haraka. Machozi yalimtoka, miwani ikawa na bahari pande zote mbili za kioo.

Jumapili, mhifadhi mkuu aliingia majini, akapiga magoti, akainama. Aliibuka na kalamu bado mfukoni. "Amenitazama kana kwamba nimeingia chumbani kwake bila hodi," alisema, akaenda kutafuta mahali pengine pa jiwe lake.

Jioni muuza tiketi alimsimulia mama yake habari za ule mdomo. Mama aliacha kijiko cha sukari hewani.

"Wa juu umebinuka? Na anakaa ndani hatoki mpaka afuatwe?"

"Ndivyo."

"Basi huyo ni kaka yangu mtupu! Mzee mchokozi yule! Miaka kumi na mmoja anamsengenya ndugu yangu ubaoni!" Akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa gauni, mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Kwa nini hakuwaambia, hawakujua, na hawajui hadi leo.

Siku hizi dirisha la tiketi hufunguliwa saa mbili na nusu badala ya saa mbili. Wageni wanaouliza sababu huonyeshwa ubao, ambao mstari wake wa mwisho huandikwa kila asubuhi kwa mkono mwingine, mkono uliolowa: "Shemeji yupo." Mtaka cha mvunguni sharti ainame.