Miji Miwili na Kikapu Kimoja

Haya nayaandika kwa sababu niliyaona. Sikusimuliwa wala sikuyasoma gazetini. Nilikuwapo kwa miguu yangu hii, na mwenye kubisha aje Muheza tubishane uso kwa uso.

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili. Jina lake Shemndolwa, mwenye shamba la michungwa, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Wa kiume, Seifu, alikaa naye nyumbani. Wa kike, Mwanaidi, alikuwa Abu Dhabi, mwaka wa sita sasa, akipika na kufua katika nyumba ya watu, na miaka yote hiyo hakuwahi kurudi kwao. Basi akakata tiketi za ndege, ya baba na ya kaka, akawaambia: njooni mpumzike siku nne, nami niwaone. Mama yake, Bi Mashavu, miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza safari. Akatuma kikapu. Ndani alitia visheti, chupa ya achari ya ndimu, na mswala wa ukili aliousuka kwa mikono yake. "Mpeni mkononi," alisema. "Asipewe na mtu mwingine." Mimi nilidandia kwa nauli yangu, kwa kuwa najua Kiarabu. Kiarabu changu ni cha kuombea dua, lakini hilo hawakuniuliza.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyoanza. Huko Ghuba, Dubai na Abu Dhabi ni miji jirani, na kati yake ni mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Kutoka Muheza kwenda Lushoto ni mbali zaidi. Mwanao yuko katika mmoja wa miji hiyo. Kuna cha kuchagua hapo? Lakini Seifu alisimama ukumbini akasema, "Baba, Abu Dhabi nani anaijua? Hapa sokoni kila duka linaitwa Dubai. Nikirudi niseme nilikwenda Abu Dhabi, wataniuliza ndiyo wapi."

Naye Shemndolwa, mtu mzima mwenye mvi, akaona hoja. "Tutalala Dubai," akasema. "Abu Dhabi ni pale pale tu. Siku yoyote tutaruka."

Pale pale tu. Neno hilo liliniudhi siku ile na linaniudhi hadi leo.

Siku ya kwanza tulikwenda kutazama jengo refu mpaka shingo zikakakamaa. Siku ya pili tuliingia katika jumba la maduka lenye theluji ndani, tukakodi makoti ili tukatetemeke, sisi ambao milima ya Amani iko juu ya vichwa vyetu na baridi yake ni ya bure. Siku ya tatu Seifu alinunua viatu, na Shemndolwa akanunua mashine ya umeme ya kukamulia machungwa, yeye ambaye tangu azaliwe hukamua kwa kiganja. Kikapu kilikuwa juu ya kabati la hoteli, kikinukia iliki mpaka chumba kizima kikawa kama jikoni kwa Bi Mashavu. Hakuna aliyegeuza pua.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, siku pekee ambayo Mwanaidi huachiwa, tena mwisho saa tisa. Asubuhi saa tatu akapiga simu. Shemndolwa simu yake huiweka sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Baba, nipo stendi. Nimevaa mtandio wa kijani, usije ukanipita."

"Tuko njiani, mama."

Njiani! Shemndolwa alikuwa amekaa kitandani, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna.

Saa tano simu ikalia tena. "Mmefika wapi, baba?" "Tunakaribia, tunakaribia." Tulikuwa duka la manukato, Seifu amejipulizia aina saba na anapiga chafya. Saa saba: "Baba, mabasi matano yameingia, nimeyachungulia yote." Akajibiwa, "Foleni, mama. Hizi foleni za huku huzijui." Anamwambia hivyo mtu aliyekaa huko miaka sita! Baada ya hapo simu haikulia tena. Saa tisa ilikuwa imefika.

Jioni, uwanja wa ndege, mizigo ikazidi uzito. Dada wa kwenye mizani akasema kitu kimoja kitoke. Shemndolwa akaitazama mashine. Akakitazama kikapu. Kisha akakinyanyua kikapu, akakiweka kando ya pipa la taka, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Hapo nikapasuka: "Shemndolwa! Mwanao kakungoja miaka sita, leo unamtupa pipani ubebe mashine ya juisi?" Watu wote wakageuka. Shemndolwa akainamisha kichwa. Lakini kikapu hakuna aliyekiokota.

Tulipofika Muheza, Bi Mashavu alikuwa ameshazungumza na binti yake kwa simu. Hakugomba. Alitutengea chakula, akangoja tunawe, ndipo akamuuliza mumewe jambo moja tu: "Mwanangu amenenepa au amekonda?"

Shemndolwa hakujua. Alikuwa amelala siku nne mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka kwa mwanawe, na hakujua.

Msiniulize Dubai ni nini na Abu Dhabi ni nini. Kila mmoja wenu ana miji miwili iliyopakana, mmoja wa kuwaonyesha watu kwamba umefika, na mwingine ambamo mtu mmoja amesimama stendi akichungulia madirisha ya mabasi.

Na kwa kuwa nimewagombeza vya kutosha, niungame. Yote niliyoandika ni kweli, isipokuwa jambo moja nililolitia mwenyewe: yale maneno yangu pale kwenye mizani. Sikuyasema, wala hakuna mtu aliyegeuka. Nilikuwa nimekalia sanduku la Seifu ili zipu ifunge, maana nami nilinunua viatu siku ile ya tatu, navyo vilikuwamo humo. Nilikiona kikapu kikiwekwa chini nikatazama pembeni.

Na wewe uliyekuwa ukinipigia makofi, leo umemwambia nani kwamba uko njiani?