Hela ya Ng'ambo ya Mfereji

Kaeni, wapendwa. Leo sina maneno mengi, na hayo machache niliyonayo hayana utamu. Nawapa mfano mmoja tu.

Palikuwa na binti wa milimani, huko ambako mashamba hunyweshwa kwa mfereji na watu hupeana zamu za maji. Baba yake alikwisha kufariki, akabaki na mama, na mama ana presha, ile ya kumeza vidonge kila siku mpaka mwisho wa maisha. Binti akaona kibarua cha kijijini hakiwezi kununua vidonge hivyo, akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Akapika, akafua, akalea watoto wa wenyewe. Usiku na mchana jambo lililomkaa moyoni lilikuwa moja, dawa za mama.

Mshahara alilipwa, tusiwasingizie watu. Shida ilikuwa kuzifikisha hela. Kule Uarabuni, kwenye dirisha la kampuni ya kutuma hela, wakakata chao. Kuzigeuza kuwa shilingi, kikakatwa kingine. Huku nyumbani wakala naye akachukua chake wakati wa kutoa, na nauli ya mama kumfuata wakala mjini ikamalizia. Nanyi mnajua, anayetuma kidogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ada haimuulizi mtu ana hali gani. Akawaza atunze mishahara ya miezi mitatu atume mara moja. Lakini presha ya mama ingesubiri miezi mitatu? Akaungana na wenzake wawili, watume kwa jina moja ili walipe ada moja. Mwezi wa pili kaka wa yule mwenye jina akazitoa zote, akapotea wiki nzima, akarudi na pikipiki. Binti akarudi kwenye foleni ya dirishani kama alivyoanza.

Ijumaa moja yuko kwenye foleni hiyo, akasikia nyuma yake mtu akiongea na simu kwa kilugha cha kwao. Akageuka. Ni kijana wa jirani yao, yule wa ng'ambo ya mfereji.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Kati ya nyumba hizo mbili pana mfereji mwembamba, hata kuku anauruka. Ila watu wa nyumba hizo ulikuwa mwaka wa nne hawaamkiani. Wiki ya matanga ya baba yake binti, jirani alifungulia maji yakaenda kwenye tangawizi yake, na zamu ilikuwa ya wafiwa. Maharage yao yakakauka yangali na maua. Matanga yalipokwisha, mama alisimama kwenye mkutano wa maji akamsema jirani mbele ya watu, maneno mazito, ya kumhusisha na kifo. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa anasema mwenzake ndiye aliyekosa, mwenzake ndiye aje. Na wote wawili, wapendwa, walikuwa hawakosi ibada.

Lakini vijana wako ugenini, na ugenini ukimsikia mtu wa kwenu unataka kulia. Walisimama wakaulizana habari za nyumbani mpaka foleni ikawapita. Hali ya kijana ilikuwa mbaya. Mwajiri wake alimnyima mshahara, shauri likawa mbele ya wakubwa, na mpaka liishe haruhusiwi kufanya kazi kwingine wala kuondoka. Alikuwa anakula hela anazotumiwa na baba yake kutoka kwenye ile tangawizi. Hebu oneni kituko hiki. Mzee anatuma hela ziende Uarabuni, binti anatuma hela zitoke Uarabuni, zinapishana njiani, na zote mbili zinakatwa.

Binti ndiye aliyeng'amua.

"Kwa nini tunawalisha hawa wa madirishani?" alimwambia kijana. "Mimi nikupe wewe hapa, mkononi. Baba yako ampe mama pale. Si ni hatua tatu tu?"

Kijana akasita. "Wazee wetu hawasemezani."

"Ni wao waliogombana. Hela zetu zina ugomvi gani?"

Wakacheka, na mpango ukaanza mwezi uleule. Binti akampa kijana hela za chakula. Kijana akampigia baba yake, kisha akarudisha jibu kwamba baba anasema za mama zipo tayari. Binti alipompigia mama kuuliza, mama akasema, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Ziko mahali salama." Siku hiyo binti alideki nyumba nzima ya wenyewe huku akiimba. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke, hela yake ilikuwa imevuka nzima.

Ikawa hivyo mwezi wa pili, na wa tatu, na wa nne. Akiuliza kuhusu dawa, mama anasema anameza. Akiuliza mbona sauti imekuwa nyembamba, mama anasema ni baridi ya huku. Mwezi wa tano binti akaingiwa na wasiwasi, akasema labda arudie kutuma kwa kampuni, wakate wanachokata. Mama akakataa kabisa. Alimwambia, "Ukiacha, huyo kijana wa watu atakula nini? Mlishe." Binti akaona mama amesamehe, akamshukuru Mungu.

Mwezi wa saba simu ikaita, namba ya mama. Binti akaipokea kwa furaha, akasema shikamoo mama. Ikajibu sauti ya mwanamume.

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi, jirani yenu."

Kabla hajaambiwa lolote alishajua. Mama alianguka jikoni, mdomo ukaenda upande, akalala hospitali siku mbili, hakuamka. Daktari alisema presha ilipanda kwa sababu dawa zilikatizwa muda mrefu. Walipotafuta ndani walikuta kikopo kimoja cha vidonge, cha tangu zamani. Alikuwa anavikata nusu, na nusu hizo anazimeza siku kichwa kikimzidia.

Binti akauliza, "Na hela nilizokuwa napeleka?"

"Ninazo, mwanangu. Zote. Kila mwezi niliziweka kwenye bahasha yake na jina lake. Sikugusa hata senti."

"Baba, kwa nini hukumpelekea?"

Mzee akasema alimwambia kijana wake amwambie mama aje achukue. Kijana hakufikisha neno hilo, aliona aibu kulisema. Na mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekosewa siku ya msiba, alikuwa amekaa kwake anangoja aletewe. Binti akauliza, basi si angemtumia kwa simu? Mzee akajibu, "Nimtumie kwa simu mtu ninayemsikia akikohoa?"

Ndipo binti akaelewa kwamba kwa miezi saba mama yake alikuwa anamdanganya. Angesema hazijafika, kijana wa watu angekosa chakula. Kwa hiyo alikubali kukosa dawa ili ale mtoto wa mtu ambaye hataki hata kumsalimu. Mimi nimelifikiria jambo hili wiki nzima, na mpaka sasa sijui niliite nini. Ni upendo? Ni ukaidi? Mtu mmoja anawezaje kuwa na vyote viwili kifuani, vikamuua?

Binti hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Mkataba ulikuwa haujaisha. Aliendelea kupiga pasi nguo za wenyewe, na siku ya mazishi alizipiga pasi mara mbili mbili kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi. Huku nyumbani jirani aliposikia yowe la msiba, kabla hata ya kupiga simu ile, alivuka mfereji kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, na bahasha saba zimo kwenye koti. Akazitoa mbele ya wafiwa, moja moja. Zikanunua jeneza, na sanda, na mchele wa matanga. Binti alitaka njia ambayo hela yake haitakatwa, na aliipata. Zilifika zote, hazikupungua hata shilingi moja.

Sasa mnanitazama. Najua mnatafuta mwizi katika mfano huu ili mumlaani mwende nyumbani na moyo mweupe. Hayupo. Binti alitoa kwa uaminifu. Kijana alikula kilicho haki yake. Mzee alitunza amana ambayo wengi wetu hapa tungeilamba. Mama alisema uongo kwa ajili ya tumbo la mtoto wa jirani. Hebu niambieni, ni nani kati yao tumtoe ushirika?

Sisi tukiona hela zetu zinakatwa tunapiga kelele, tunawasema mawakala, tunawasema mabenki, na tuna haki ya kusema. Lakini ile ada tunayotozana sisi kwa sisi nani anaisema? Nitakupa kilicho chako, ila kwanza uje kwangu. Upite mlangoni pangu watu wakuone. Inama kidogo. Hakuna kampuni duniani inayotoza hivyo. Na mtu hulipa kwa miezi, kwa mwili wake, na sisi tuko jirani tunamsikia akikohoa, na mikono yetu ni misafi kabisa.

Sitawadanganya kwamba mfano huu utatubadilisha. Yule mama na yule mzee walisikia mahubiri ya msamaha kila Jumapili, wakasema amina, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Pengine mwalimu wao wa kanisani alikuwa na sauti nzuri kuliko mimi.

Ninachoweza kusema ni hiki. Jengo letu lina mlango wa mbele na mlango wa ubavuni. Nina mwaka wa sita hapa. Mnadhani mimi nikiwa madhabahuni sioni ni nani hutokea ubavuni, na humkwepa nani? Leo mlipokuwa mnaimba nilimwomba mzee wa kanisa aufunge ule wa ubavuni, na ufunguo ninao mfukoni. Tutatoka wote kwa mlango mmoja, na hautoshi watu wawili bila kugusana. Wapo watakaotoka wamenuna, sina la kuwafanya. Lakini wewe unayetunza kitu cha mtu, iwe hela, iwe neno, iwe samahani, na umekiweka vizuri unangoja aje, mtu huyo yumo humu ndani. Amekaa safu chache kutoka hapo ulipo, na hali yake ni mbaya kuliko alivyokuambia.

Simameni.