Jogoo wa Kuchi na Gari la Mshenga

Sogeeni. Nina kesi ya jogoo, na hakimu wake amechanganyikiwa.

Hakimu ni Shekiondo, mtu wa makamo, tipwatipwa, aliyefika Lubumbashi na Moroni akarudi na mizaha mitupu. Siku hiyo alikuwa mshenga, anapeleka posa ya mpwawe huko mlimani, kando yake jogoo wake wa kuchi, wale warefu wa kupigana, na wakwe walimtaka kabla ya alasiri. Kwenye mpando mkali pikapu ikazama topeni. Dereva alikanyaga mafuta, tairi zikazunguka palepale. Shekiondo, ndani ya kanzu nyeupe pee, akaishika dashibodi kwa mikono miwili akasukuma mpaka mishipa ikamtoka.

"Mjomba, unasukuma nini?" dereva akauliza.

"Gari."

"Na wewe umo humo humo?"

Shekiondo akaitazama mikono yake. Kweli, kadiri alivyosukuma dashibodi mbele, ndivyo mgongo wake ulivyosukuma kiti nyuma. Akachungulia dirishani, akaapa: atakayenitoa hapa, jogoo wangu huyu wa kuchi ni wake.

Wakaja watatu. Hoza, mpasua mbao, mwenye mabega kama mlango. Bi Mwanamisi, mponda kokoto. Na Kupaza, mchunga mbuzi, ambaye jicho lake halipitwi na kitu kinachoporomoka.

Hoza akaweka bega nyuma ya gari, akasukuma. Tairi ziliteleza tu, tope halina cha kushika.

Bi Mwanamisi akamwaga karai la kokoto chini ya tairi. Zikang'ata, gari likapanda kidogo. Ila Hoza akivuta pumzi, uzito wa gari unalirudisha bondeni.

Kupaza naye, kila lilipopanda, akawa anatia jiwe nyuma ya gurudumu. Likapanda, likazuiwa, likapanda tena, hadi juu kwenye tambarare.

"Nipe jogoo wangu," Hoza akasema. "Kokoto hazina bega."

"Mwanangu, ulikuwa unasugua tope tu," akajibu Bi Mwanamisi.

"Bila jiwe langu," Kupaza akasema, "saa hizi tungekuwa tunamwokota mshenga huko chini."

"Kweli," Shekiondo akamwambia Hoza. "Kweli," akamwambia Bi Mwanamisi. "Kweli tupu," akamwambia Kupaza, kichwa kikamzunguka kuliko zile tairi. "Tumgawane?"

"Kuchi ni wa mbegu," Bi Mwanamisi akasema. "Ukimgawa ni mchuzi."

Wakapanda wote gari, hakuna aliyekubali kumwacha jogoo. Walifika alasiri imeshapita. Bi Mkiwa, bibi wa binti anayeposwa, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kesi ya kuku imekushinda," akamwambia Shekiondo, "nikupe mjukuu wangu umsemee mambo ya ndoa? Amua kwanza, ndipo tusikie posa."

Shekiondo akawageukia wote barazani, nawe unayesikiliza umo: bega, kokoto au jiwe? "Je, ninyi mngeamua vipi?"

"Mimi," Bi Mkiwa akasema, akiitazama ile kanzu isiyo na doa, "ningeshuka garini kwanza."