Basi la Kwenda Hombolo

Basi la msiba halikosi abiria. Nimelisema hilo nikipita zangu na sufuria, nanyi mkaacha simu mkanitazama kama nimewamwagia maji. Mlikuwa mnapanga matembezi ya Jumamosi: huyu anataka Kondoa akaone michoro ya mapangoni, yule anataka Hombolo bwawani, na huyo mrefu wenu akasema kama hamtatimia wote ni heri mwahirishe. Hapo ndipo maneno yaliponiponyoka. Sasa mnauliza methali hii imetoka wapi, maana kwenye vitabu vyenu vya shule haimo. Kweli haimo. Wahenga hawakutuachia hiyo. Imezaliwa hapa hapa Ipagala, na aliyeizaa yu hai. Ilianza hivi.

Mnamjua Mzee Elieza Ndahani, yule aliyestaafu reli, mwenye geti la bluu. Zamani hakuwa akiishi peke yake. Alikuwa na mkewe, Bi Damari, na wote wawili ni watu wa Hombolo. Bi Damari alikuwa rafiki yangu. Tulisuka ukili pamoja, tukasengenya pamoja, tukazeeka pamoja. Kisha figo zikamsaliti. Miguu ikavimba, akawa hawezi kutoka kitandani mpaka ashikwe huku na huku. Daktari aliwaita watoto wake akawaambia wazi kwamba mama yao hana muda mrefu. Naye mwenyewe alijua, hakuhitaji kuambiwa.

Hakuomba kupelekwa India wala kuletewa manabii wa kumwombea. Haja yake ilikuwa moja tu. Alitaka, angali hai, akae siku moja kando ya bwawa la Hombolo na watoto wake wote, wakila samaki perege wa kukaanga, watazame maji, jioni warudi mjini. Si safari kubwa hiyo. Ukitoka hapa baada ya chai, hujapata njaa umeshafika.

Watoto walikuwa watatu. Yeremia, mkubwa, afisa wa serikali. Perisi mwenye saluni. Nehemia, kitinda mimba, mjenzi wa majumba ya watu. Wote wanaishi hapa hapa Dodoma, wameoa na kuolewa, wana watoto. Na sisemi kwamba hawakumpenda mama yao. Walimpenda. Lakini tangu serikali ihamie huku, mji huu una vikao vingi kuliko mvua, na kila mtu ni mtu wa shughuli.

Yeremia akafungua kundi kwenye simu, akaliita "Hombolo na Mama". Akaandika kwamba familia nzima itakwenda kwa basi moja, kosta ya kukodi, kwa sababu mama hataki msururu wa magari. Mama anataka wote wakae chombo kimoja, awasikie wakicheka kama walipokuwa wadogo. Wote wakajibu kwa vidole gumba na mioyo myekundu. Mambo yakapangwa: nani alete maji, nani alete mkeka, nani amshike mama wakati wa kushuka.

Jumamosi ya kwanza, Nehemia akaandika kwamba siku hiyo anamwaga zege, na zege likishaanza halisubiri mtu. Wenzake wakasema bila Nehemia haitakuwa familia nzima, tusogeze. Kosta ikaachiwa. Jumamosi nyingine ilipokaribia, Perisi akasema yuko kwenye kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa shoga yake anayeolewa, tena ndiye mweka hazina, hawezi kuwakimbia watu. Ikasogezwa. Kila waliposogeza, waliandika neno lile lile: tutapanga. Neno hilo nalichukia mpaka leo. Mtu akiniambia tutapanga, ni heri angeniambia hataki.

Mzee Ndahani akamwambia mkewe, "Mama Yeremia, hawa waache. Nitatafuta teksi, twende mimi na wewe."

Bi Damari akakataa. Nilikuwapo, nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, "Nikienda na wewe tu, nitakuwa nimekwenda kuaga. Nikienda na wote, nitakuwa nimekwenda kutembea. Mimi nataka kutembea."

Basi tukangoja Jumamosi ya tatu. Safari hii Yeremia aliapa kwamba hakuna wa kuizuia. Mimi niliamka alfajiri nikamkaangia maandazi na kuku, nikajaza chai kwenye chupa. Nikamvalisha kitenge chake cha njano, kile alichokiweka sandukuni kwa siku ya maana. Miguu haikuingia kwenye viatu, nikampa malapa yangu mapana. Tukamkalisha kibarazani. Alikuwa amepaka mafuta usoni, anang'aa, ungesahau kuwa ni mgonjwa.

Kosta ikaja, dereva akapiga honi. Ndani yake hamkuwa na mtu. Tukasubiri. Wajukuu wawili, watoto wa Perisi waliolala pale nyumbani, wakapanda, wakachagua viti vya dirishani. Tukasubiri tena. Kisha simu ya Mzee ikalia, ni Yeremia. Bosi wake amepata ziara ya ghafla na yeye ndiye wa kuandaa taarifa. Nehemia aliposikia kaka haendi, akarudi kazini kwake. Perisi akasema kosta nzima kwa watu wachache hivyo ni aibu, watu watatuonaje, tusogeze wiki ijayo tujae vizuri.

Mzee alikata simu. Alisimama getini na simu mkononi. Bi Damari akamtazama, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Mwambie dereva aende," akasema. "Asipoteze siku yake."

Wajukuu walishuka wakilia. Maandazi tuligawa kwa majirani. Yeye alikula moja, akaliacha nusu, akaniomba nimvue kitenge kisije kikajikunja. Nilikivua. Niliumia siku ile kuliko siku ya mazishi yenyewe, maana siku ya mazishi yeye hakuwapo kuona.

Alifariki wiki iyo hiyo, kabla ya Jumamosi nyingine kufika.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Yeremia hakufungua kundi jipya. Alibadilisha jina tu. Lile la "Hombolo na Mama" likaitwa "Msiba wa Mama". Akaandika kwamba mama atazikwa kwao Hombolo, basi litaondoka asubuhi. Na wote wakajibu. Zege la Nehemia, lile lisilosubiri mtu, lilisubiri. Perisi akafunga saluni, na kamati nzima ya sendofu ikaja kulia naye. Bosi wa Yeremia alikuja mwenyewe kutoa pole, akampa ruhusa ya siku kadhaa ambazo Yeremia hakuziomba. Waliokuwa Morogoro walikuja, waliokuwa Singida walikuja. Mikeka ilikuwapo, maji yalikuwapo, wa kumbeba mama walikuwapo wakagombania.

Asubuhi ile kosta ilijaa mpaka mlangoni. Mzee Ndahani alitoka ndani wa mwisho, kofia mkononi, akakuta hakuna kiti. Mwenye msiba hana kiti. Kijana mmoja akainuka kumpisha, wengine wakapiga simu, kosta ya pili ikapatikana hata chai haijapoa, nayo ikajaa. Mzee alikaa pale alipopishwa, kiti cha dirishani.

Tukazika. Watu wakaimba vizuri, wakasema vizuri. Nilimzika rafiki yangu na kile kitenge cha njano, nilihakikisha.

Wakati wa kurudi tulifika njiapanda, pale barabara ya bwawani inapochepuka. Maji yalionekana kwa mbali. Mzee akamgusa dereva begani.

"Ingia hapo kidogo," akasema. "Tukae kando ya maji. Alitaka tukae wote."

Dereva akapunguza mwendo. Mle ndani watu wakaanza kutazama saa. Yeremia akainuka kutoka nyuma, akaja akachuchumaa karibu na baba yake.

"Baba, jua linazama na watu wamechoka. Kesho wengine tunaingia kazini. Tusifanye haraka haraka. Tutapanga siku nzuri, tuje wote."

Mzee akamtazama mwanawe. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Msijisumbue kupanga, baba," akamwambia. "Mtakuja. Basi la msiba halikosi abiria."

Yeremia aliinuka akarudi kiti chake cha nyuma. Perisi alianza kulia kwa sauti, kilio kingine kabisa, si kile cha makaburini. Dereva alingoja aambiwe aingie au apite, na hakuna aliyemwambia. Mwishowe akakanyaga mafuta, tukapita. Nami nilikuwamo, nikaliona lile bwawa likibaki nyuma.

Ndivyo ilivyozaliwa. Waliokuwamo kwenye ile kosta waliibeba wakaisambaza, na sasa hata sokoni Majengo utaisikia kwa watu wasiomjua Ndahani wala Damari.

Mnauliza kama walimpeleka Mzee bwawani baadaye. Perisi aliniambia wamelibadilisha tena jina lile kundi. Sasa linaitwa "Hombolo na Baba". Mara ya mwisho nilipomuuliza, walikuwa bado wanatafuta Jumamosi ambayo kila mtu ana nafasi. Mzee amepoteza meno, na siku hizi anatembea kwa kushika ukuta. Ukimuuliza kuhusu hiyo safari anasema hana haraka, watoto watakuja tu, na wote watakuja, atawakusanya mwenyewe.

Haya, rudini kwenye simu zenu mpange. Basi la msiba halikosi abiria.