Kwa Nini Kipupwe Hutangulia Kiangazi

Sogeeni, acheni kusukumana, na anayetaka kusinzia arudi kwao. Leo mtajua kwa nini masika yakiisha hatuunguzwi na joto papo hapo, bali hupita kwanza kipupwe na upepo wake, ndipo kiangazi kikaingia.

Hapo kale mwaka haukuwa na kipupwe. Mvua ikikatika jioni, kesho yake asubuhi ni kiangazi, tena kiangazi cha kweli. Jua alikuwa mume wa Ardhi, na masika yote mawingu yalimziba asimwone mkewe. Kwa hiyo mawingu yakifunguka tu, alimshukia mbio kwa hamu yake yote. Hakuwa na ubaya. Ila ardhi iliyolowa, ikipigwa na joto lile, ilikakamaa juu huku ndani bado mbichi, ikapasuka nyufa za kumeza mguu. Nyufa hizo zilikata mizizi ya mtama na maharagwe kabla punje hazijakomaa.

Ndiyo maana watu waliokaa chini ya milima ya Upare walikuwa watu wa kuhama. Kila masika yakiisha walifunga mizigo wakaenda mto mkubwa, mbali kabisa, kula samaki na mizizi mpaka mvua irudi. Asiyeweza kutembea aliachwa. Alijengewa kibanda, akawekewa chakula kidogo, akaagwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi, na watu waliizoea mpaka ilipofika mlangoni pa Nakiete.

Nakiete alikuwa mfinyanzi, mwanamke mwenye mikono mizuri na ulimi mkali. Alijua vyungu vyake ni vizuri, na alikuambia hata kama hukumuuliza. Mwaka ule magoti ya mama yake yaligoma kabisa. Masika yakiwa ukingoni, Mzee Kangero, mkuu wa safari, alikuja kutafuta mahali pa kujenga kibanda.

"Mwanangu," alisema, "tutamjengea kibanda kizuri, penye kivuli."

"Baba, kama ni kizuri hivyo, kaa wewe," Nakiete akamjibu. Mzee alikohoa, akaaga.

Mama mtu alisikia yote. Alimwambia binti yake asigombane na wazee kwa ajili yake, kwani yeye alikwisha kula chumvi nyingi. Nakiete aliinama juu ya udongo wake akalia mpaka kamasi zikamtoka, kwa sababu alimpenda mama yake na hakuona pa kukimbilia.

Alipokuwa akilia hivyo, macho yake yaliangukia chungu kibichi ambacho jirani yake, msichana wa papara, alikuwa amekianika nje siku moja mvua ilipopumzika. Kilikuwa na nyufa. Alizitazama, akafuta machozi. Nyufa hizo alizijua, ndizo zile za shambani. Kumbe Bwana Jua hajui kuanika. Watu wanaacha mama zao, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ya mtu asiyejua kuanika.

Basi hasira zilimpandisha mlima. Siku hizo Jua alipita chini chini, ukisimama kileleni na kuita anakusikia. Alimkuta akichungulia penye mwanya wa mawingu.

"Shikamoo, Bwana Jua."

"Marahaba."

"Mkeo unampenda?"

"Ndiyo nini sasa, kuniuliza hivyo?"

"Basi mbona unampasua kila mwaka?"

Jua alichukia. Alisema nyufa ni kazi ya Mvua, na kwamba katika kukausha hana mwenzake. Nakiete akamwambia atafinyanga mitungi miwili ya udongo mmoja. Mmoja Jua auanike apendavyo, mwingine atauanika yeye. Mwenye mtungi utakaoshika maji ndiye atakayesema Ardhi aanikwe vipi.

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitabaki kibandani na mama yangu, utukaushe sote wawili."

Mawingu yalipoachana kidogo, mtungi wa Jua uliwekwa uwanjani, na siku ile ile ulikuwa mweupe na mkavu wa kupendeza. Watu walimcheka Nakiete, maana wa kwake ulikuwa bado ndani, mweusi na mnyevu. Alikuwa anamngoja Upepo. Upepo alikuwa mzururaji asiye na kwao, na kila alipopita watu walimfungia milango. Nakiete akafungua wa mbele na wa nyuma, akamkaribisha. Upepo aliingia kwa vishindo, akanyanyua nyasi za paa, nusura auangushe mtungi.

"Kaka, taratibu," Nakiete alisema. "Pita kama unapita penye mtoto aliyelala."

Maskini, hakuwahi kukaribishwa nyumbani kwa mtu. Aliona haya, akatulia. Akawa anaingia mbele na kutokea nyuma, akiuzunguka mtungi polepole, mpaka unyevu wa ndani ukatoka wote. Hapo Nakiete akautoa nje. "Sasa, Bwana Jua, upashe joto," alisema, na Jua akaupasha, huku akicheka.

Mitungi yote miwili ikaingia motoni. Wa Jua ulilia paa, ukawa vigae. Wa Nakiete ulitoka mzima, ukigonga unalia kama kengele. Aliujaza maji pomoni, akajitwika, akawazunguka watu wote waliomcheka, akipita karibu zaidi mbele ya Mzee Kangero, na chini hapakudondoka hata tone. Vigelegele vilisikika mlima wa pili. Mama yake, aliyekaa mlangoni, alipiga vyake mpaka sauti ikamkauka.

Jua alijificha nyuma ya wingu. "Kwa hiyo mke wangu sitamwona?" aliuliza.

"Utamwona. Mtangulize Upepo, apite taratibu mpaka unyevu utoke. Wewe kaa nyuma ya ukungu. Upepo akimaliza, njoo na joto lako lote, hatapasuka."

Masika yakaisha. Asubuhi yake watu walisimama na mizigo kichwani wakingoja joto, ikaja baridi tamu na upepo wa kupeperusha khanga. Walisimama mpaka shingo zikawauma, wakatua mizigo. Mtama ukajaa, maharagwe yakakomaa, ardhi haikufanya ufa. Ndipo Jua akaja, mkavu na mwenye joto, wakati ule ule watu walipotaka kuanika mavuno. Nakiete alibomoa kwa mikono yake kibanda alichokuwa amekwisha jengewa mama yake, na miti yake ikapika maharagwe ya kwanza, mama yake akala akashiba.

Na tangu siku hiyo upepo wa kipupwe hutangulia, joto na ukavu vikafuata. Asubuhi ya kwanza ya upepo, wanawake wafinyanzi hufungua milango yote miwili ya nyumba zao. Na katika nchi ile hakuna mzazi anayeachwa nyuma, kwa kuwa hakuna tena anayehama.