Waungwana Hurudi Nyuma

Mmekaa?
— Tumekaa.
Nimimine?
— Mimina.
Ikimwagika?
— Tutaikinga.

Haya, kingeni vizuri, na wewe unayesinzia hapo nyuma fumbua macho, maana mimi sirudii neno.

Hapo kale, juu ya jabali, aliishi Pimbi, mama wa watoto wawili. Mfupi, mkia hana, lakini kwa kupika pombe ya ulezi hakuna aliyemfikia. Uwanja wake ulikuwa juu kabisa. Upande mmoja palikuwa na mlango wa pango lake, mwembamba, wa kupita pimbi tu. Upande wa pili palikuwa na genge. Ukidondosha jiwe pale unangoja kwanza, unangoja tena, ndipo unasikia chini kule, pu.

Mwaka huo Pimbi alipika pombe ya kuwashukuru majirani waliomsaidia kupalilia. Akaotesha kimea, akakianika, akakisaga, akakivumbika. Siku ya tatu mtungi ukaanza kusema. Bwata, bwata, bwata. Harufu ikashuka jabali, harufu ikavuka kijito, harufu ikaingia msituni, na msituni alikuwamo Chui.

Aliyemletea Pimbi habari ni jirani yake, Nungunungu. Huyu kwa kawaida alikuwa na maneno mengi, lakini siku hiyo alikuja miiba imemsimama. Alisema amemkuta Chui kijitoni, anauliza pombe ya Pimbi itaiva lini. Pimbi akakaa chini. Kila mpika pombe alijua habari za Chui. Alikwenda kwa Bi Kanga, akanywa mtungi mzima peke yake, na kila akimeza alisema yale yale: kwanza mtungi, kisha mpishi. Bi Kanga akamletea mtungi wa pili, akidhani atashiba. Chui akaumaliza na wa pili, kisha mpishi. Yakabaki manyoya.

Mtasema, si angeingia pangoni akajificha? Shangazi yake alijificha. Chui akalala mlangoni siku nne, hakukohoa, hakujikuna, mpaka njaa ikamtoa shangazi mwenyewe. Na Pimbi alikuwa na wawili wa kunyonyesha. Njaa ya siku nne ingekausha maziwa, na watoto wangemfia mikononi.

Kabla ya kuaga, Nungunungu alimnong'oneza jambo moja. Zamani Chui alikuwa akialikwa kama watu wengine. Siku moja, kwenye pombe ya wakubwa, akapewa mrija, na badala ya kuvuta akapuliza. Povu likaruka, likawapaka wakubwa nyuso. Watu wakacheka mpaka wengine wakabebwa. Tangu siku ile Chui hanywi na mtu, na mpishi anayemwona akinywa hamwachi akaenda kusimulia. Alipokwisha kusema hayo, Nungunungu akashika tumbo, akasema linamsokota na kesho hataweza kuja. Kesho yake majirani wote matumbo yaliwasokota.

Jua halijapanda sana, Pimbi akasikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Kucha juu ya jabali.

Akawasukuma watoto ndani kabisa ya pango, akawaambia wasilie hata akilia yeye. Alipogeuka, Chui alikuwa ameshafika uwanjani, mrefu kuliko alivyosimuliwa. Pimbi akatoa shikamoo, sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Chui akaitikia marahaba bila kumtazama. Alikuwa anatazama mtungi. Akainua mkono aupindue, anywe kwa ulimi.

Pimbi akasema, "Waungwana huketi kwanza, bwana."

Mkono ukabaki juu. Chui akatazama kulia, akatazama kushoto, aone kama kuna anayecheka. Hakuna. Akaushusha mkono polepole, akauliza kwa sauti ya chini, "Waungwana hufanyaje?"

Pimbi akamwambia. Waungwana huketi, hawanywi wamesimama kama punda. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone hakuna sumu. Mgeni haingizi mrija mpaka aonyeshwe mahali pake. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia, huvutwa, haupulizwi. Na mgeni hainuki mtungi ungali unasema. Hizi ni adabu za kweli, mimi mwenyewe nilifunzwa kwa makofi. Akaongeza na nyingine, kwamba mgeni wa heshima hukalishwa upande wa upepo, na upande wa upepo ulikuwa ule wa genge. Hii ya upepo aliitunga pale pale.

Chui akaketi upande wa upepo. Pimbi akaonja, akamwonyesha mahali pa mrija, akarudi kwenye moto. Chui akavuta.

Fyoo, fyoo, glu. "Kwanza mtungi, kisha mpishi."

Sasa, pombe ya ulezi haiishi mara moja. Unaongeza maji ya moto, machicha yanatoa utamu tena, mtungi unasema tena. Pimbi akachochea moto, akaongeza maji. Bwata, bwata, bwata. Chui akavuta, fyoo, fyoo, glu, akayasema maneno yake. Pimbi akaongeza maji. Jua likafika utosini. Chui akavuta. Pimbi akaongeza maji. Kila alipopita na kibuyu alipita karibu na kucha zile. Pangoni mtoto mmoja akalia kidogo, akanyamaza. Chui akageuza sikio, akatabasamu, akaendelea kuvuta.

Pimbi alifikiri atalewa alale. Hakulala. Macho yalikuwa mekundu, ulimi mzito, lakini amekaa wima na mrija mkono wa kulia, muungwana kabisa. Kuni zikabaki tatu. Zikabaki mbili. Ikabaki moja, nayo ikaungua, na maji ya mwisho yakaingia mtungini ya vuguvugu tu. Mtungi haukusema.

Chui akavuta, akatema. "Haya ni maji," akasema. Akaulaza mrija chini kwa adabu, akainuka. Kucha zikatoka, moja moja, Pimbi anaziona. "Mtungi umekwisha."

Hapo Pimbi alilia. Msidhani ni ujanja, alilia kweli, machozi na kamasi. Akapiga magoti, akasema yuko tayari kuliwa, ila anaomba apewe machicha yaliyobaki chini akawape wanawe, maana hawatanyonya tena. Akasema ni adabu pia, machicha ni ya watu wa nyumbani, mgeni hatii uso mtungini hata siku moja.

"Kwa nini?" Chui akauliza.

Pimbi akainamisha kichwa, akajifanya hataki kusema. Chui akamwekea ukucha mmoja begani. Ndipo akasema kwamba ukali wote wa pombe hukaa chini, kwenye machicha. Mgeni hupewa ya juu. Ya chini huliwa na wenyewe, milango imefungwa, na wageni hawaambiwi.

Chui akasimama akimtazama. Kutwa nzima amekaa wima, amekunywa maji ya moto kwa adabu, na ukali uko chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna wa kumcheka ila huyu mpishi, na mpishi yuko njiani kwenda tumboni. Akaushika mtungi kwa mikono miwili, akaingiza uso. Akasukuma. Masikio yakalala, yakapita shingo ya mtungi. Ndani ikasikika nyam, nyam, nyam.

Alipotaka kutoka, masikio yakasimama. Akavuta, hakutoka. Akainuka na mtungi kichwani, akaunguruma, sauti ikazunguka mle mle, vuuum, ikamrudia mwenyewe. Akarusha mkono, kucha zikapita karibu na pua ya Pimbi. Akarusha tena. Pimbi akalala chali, hapumui. Angekimbia, lakini nyuma yake palikuwa na mlango wa pango tu, na ndani walikuwa watoto.

Kisha Chui akatulia. Kule ndani ya mtungi alikumbuka povu, alikumbuka kicheko, akasikia aibu. Kutwa nzima kila alipokwama ameuliza akaambiwa. Akauliza tena, sauti inatoka mbali kama ya mtu kisimani.

"Pimbi. Waungwana hujitoaje?"

Pimbi akatazama genge nyuma ya mgongo wa Chui.

"Waungwana hurudi nyuma, bwana," akasema. "Hatua saba. Mtungi utabaki mbele wenyewe."

Chui akaweka mikono sawa, akanyoosha mgongo. Kwaru, moja. Kwaru, mbili. Kwaru, tatu. Alihesabu kwa sauti, polepole, asikosee. Nne. Tano. Akasema sita, na haikusikika kwaru.

Pimbi akangoja. Akangoja tena. Ndipo akasikia chini kule, pu, na vigae.

Hakwenda kuchungulia. Alikaa pale pale mpaka watoto wakatambaa wenyewe kumfuata, wakaanza kunyonya. Jioni akaja Nungunungu, tumbo limepona, anauliza kama pombe imebaki. Pimbi akamwonyesha mrija, umelazwa chini kwa adabu. Na mpaka anazeeka, kila akipika alionja kwanza, hata akiwa peke yake.

Mtungi umekauka, aliyebaki na kiu akapike wa kwake.

Na funzo, maana najua mtauliza: shikeni adabu za pombe, wanangu, na msipojua ulizeni. Adabu hazijamdhuru mtu yeyote. Haya, leteni mrija. Na wewe uliyekuwa unasinzia, umekaa mahali pangu pa upepo. Rudi nyuma kidogo. Hatua saba tu.